Ijue 'The Evil Dead', filamu ya vijana watatu iliyozaliwa katika kibanda cha msituni

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa filamu za kutisha zilizotengenezwa kwa fedha kidogo na kuacha alama kubwa, 'The Evil Dead' ya nchini Marekani ina nafasi ya pekee. Ilipigwa katika kibanda kimoja kilichotelekezwa msituni, na vijana ambao wengi wao hawakuwahi kutengeneza filamu ndefu. Ikapitia baridi kali, uhaba wa fedha, marufuku na kesi mahakamani, lakini hadi leo bado inatazamwa, inajadiliwa na kuigwa.

Makala haya yanaeleza filamu hiyo ilivyoanza, ilivyotengenezwa, kwa nini serikali za Ulaya ziliichukia, na kile ilichowaachia watengenezaji wa filamu waliofuata.

Hadithi yenyewe

Wanafunzi watano wa chuo, wavulana wawili na wasichana watatu, wanasafiri kwa gari kwenda kupumzika katika kibanda cha mbao kilichopo katikati ya msitu wa jimbo la Tennessee. Nao ni Ash, dada yake Cheryl, rafiki yao Scott, na wapenzi wa vijana hao wawili, Linda na Shelly.

Usiku wa kwanza mlango wa chumba cha chini ya sakafu unafunguka wenyewe. Huko wanakuta kitabu cha kale kilichojalidiwa kwa ngozi ya binadamu na kuandikwa kwa damu, pamoja na kinasa sauti alichokiacha mtaalamu wa mambo ya kale. Wanapoicheza kanda yake, sauti ya mtaalamu huyo inasoma maneno ya kitabuni, na maneno hayo yanaamsha pepo waliolala msituni.

Kuanzia hapo, pepo wanawaingia vijana hao mmoja baada ya mwingine. Daraja, ambalo ndilo njia pekee ya kurudi mjini, limevunjika. Anayepagawa hasemezeki na hazuiliki, na Ash anajikuta akilazimika kupambana na watu anaowapenda kuliko wote. Jinsi usiku huo unavyokwisha tunamwachia msomaji ambaye bado hajaitazama.

Filamu nzima ina dakika zisizozidi 85. Haina mji, haina polisi, wala haina jirani wa kupigia simu. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na hapo pia ndipo ulipo unafuu wa gharama zake.

Vijana watatu wa Michigan

Mwongozaji wa filamu hiyo ni Sam Raimi, aliyezaliwa mwaka 1959 katika jimbo la Michigan. Mwigizaji mkuu ni Bruce Campbell, aliyezaliwa mwaka 1958 katika jimbo hilo hilo. Wawili hao walifahamiana wakiwa wanafunzi wa sekondari, na tangu wakati huo walikuwa wakipiga filamu fupi za vichekesho kwa kamera ndogo za nyumbani. Mtayarishaji, Robert Tapert, aliungana nao baadaye kupitia Ivan Raimi, kaka yake Sam, ambaye alikuwa akiishi naye chumba kimoja katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan.

Walichokipenda hasa ni vichekesho. Lakini kwa kufuatilia majumba ya sinema ya wakati huo waligundua jambo moja la kibiashara: filamu ya kutisha ilikuwa na watazamaji wake hata kama haikuwa na nyota wala seti za gharama. Mwaka 1968 George Romero alikuwa ameshaonyesha njia kwa 'Night of the Living Dead', filamu ya watu waliozingirwa na wafu katika nyumba ya shambani. Kwa hiyo vijana hao wakaamua kuingilia mlango huo.

Mwaka 1978 walitengeneza filamu fupi ya nusu saa iitwayo 'Within the Woods', kwa gharama ya takriban dola 1,600. Filamu hiyo haikukusudiwa kuuzwa. Ilikuwa sampuli ya kuwaonyesha wenye fedha kwamba vijana hawa wanaweza kuwatisha watu.

Fedha za kuchangisha

Wakiwa na sampuli yao, walianza kubisha hodi kwa watu waliowafahamu na wasiowafahamu: madaktari wa meno, wanasheria, wafanyabiashara, ndugu na marafiki wa familia. Mwanasheria mmoja wa Michigan, Phil Gillis, aliwasaidia kuiweka biashara hiyo katika misingi ya kisheria, ili mwekezaji ajue ananunua nini na atalipwaje filamu itakapoingiza fedha.

Awamu ya kwanza ya michango ilifikia karibu dola 90,000. Kiasi hicho hakikutosha kumalizia kazi, lakini kilitosha kuianza. Walipoishiwa njiani walirudi kwa wawekezaji, wakawaonyesha vipande vilivyokuwa tayari na kuomba zaidi. Mpaka filamu inakamilika, gharama zilikuwa zimefika takriban dola 375,000. Kwa mtu wa kawaida hizo ni fedha nyingi, lakini kwa biashara ya filamu ya Marekani kiasi hicho ni kidogo mno.

Njia hiyo baadaye ilifuatwa na wengine. Joel Coen, aliyekuwa mhariri msaidizi wa 'The Evil Dead', aliiga mbinu ya Raimi ya kutengeneza sampuli fupi na kuipeleka kwa wenye fedha. Matokeo yake ni 'Blood Simple' ya mwaka 1984, filamu ya kwanza ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen, ambao leo ni miongoni mwa waongozaji wanaoheshimiwa zaidi duniani.

Majira ya baridi kibandani

Upigaji picha ulianza Novemba mwaka 1979 karibu na mji wa Morristown, Tennessee. Raimi alikuwa ametimiza miaka 20 mwezi mmoja tu kabla. Kikosi kizima nyuma ya kamera kilikuwa na watu wapatao 13, na walichagua kupiga picha huko kusini wakitumaini kuwa hali ya hewa ingekuwa ya joto kuliko Michigan. Matumaini hayo hayakutimia, kwa kuwa majira hayo ya baridi yalikuwa makali.

Kibanda walichokipata kilikuwa kimeachwa kwa muda mrefu. Hakikuwa na umeme, maji wala simu. Kwa masimulizi ya Campbell, ambaye mwaka 2001 alichapisha kitabu cha maisha yake ya uigizaji, ng'ombe walikuwa wakiingia humo na kuacha samadi sakafuni, hivyo kazi ya kwanza ya kikosi ilikuwa kuzoa na kufagia. Chini ya sakafu hapakuwa na chumba. Walichimba shimo fupi tu la kuwawezesha waigizaji kushuka ngazi, na matukio mengi ya chumba hicho yalipigwa baadaye huko Michigan.

Ratiba ilikuwa wiki sita. Ikavuka hadi Januari mwaka 1980. Muda wa makubaliano ulipokwisha, waigizaji wengi waliondoka, akabaki Campbell na marafiki wachache. Ilibidi watu wengine wavae nguo za wahusika na kupigwa picha kwa mgongo, kwa mkono au kwa mguu. Raimi aliwaita "Shemp wa bandia", kwa kumkumbuka Shemp Howard, mchekeshaji wa kundi la Three Stooges aliyefariki mwaka 1955 na ambaye nafasi yake katika filamu zilizobaki ilijazwa na mtu aliyeficha uso. Jina hilo limebaki katika orodha za washiriki wa filamu za Raimi hadi leo.

Inasimuliwa kwamba siku za mwisho walichoma samani za kibandani ili wapate joto.

Waigizaji waliumia kweli. Betsy Baker, aliyeigiza kama Linda, aling'oka kope wakati wa kuondoa kinyago cha plasta usoni mwake. Lenzi walizovaa waliopagawa zilikuwa nene kama kioo. Ziliwekwa kwa shida na hazikuweza kukaa machoni zaidi ya dakika chache. Campbell alipoteguka kifundo cha mguu, Raimi alimchokoza kwa kijiti mahali penye maumivu ili uso wake uonyeshe uchungu wa kweli. Wahusika wenyewe husimulia haya kwa kicheko, lakini katika kazi ya leo yenye mikataba na kanuni za usalama yasingekubalika.

Kamera juu ya ubao

Kilichoitofautisha filamu hii na nyingine za wakati wake ni mwendo wa kamera. Watengenezaji hawakuwa na fedha za kukodi reli za kamera wala vifaa vya kuituliza mikononi. Walichofanya ni kuifunga kamera katikati ya ubao mrefu, watu wawili wakaushika ubao kila mmoja upande wake, kisha wakakimbia nao msituni, wakiruka magogo na kupita katikati ya miti karibu na ardhi.

Picha iliyopatikana ilikuwa ya kitu kisichoonekana kinachokuja kwa kasi kuelekea kibandani. Mtazamaji haoni pepo, bali anaona kile anachokiona pepo. Kwa njia hiyo filamu ilipata adui mkuu bila kulipia vazi, kinyago wala mwigizaji.

Mahali palipohitaji kamera iteleze taratibu ndani ya nyumba, walipaka mafuta mazito ya mgando juu ya mbao, wakaiweka kamera juu yake na kuivuta. Damu ilikuwa shira ya mahindi iliyochanganywa na rangi ya chakula na kahawa. Vimiminika vingine vilivyowatoka waliopagawa vilitumia maziwa. Tukio la mwisho la miili kuoza lilifanywa na Tom Sullivan, mtaalamu wa maumbo ya bandia, pamoja na wenzake, kwa kuusogeza udongo kidogo kidogo na kupiga picha moja moja. Kazi hiyo iliwachukua wiki nyingi.

Filamu ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, ulio rahisi kuliko ule wa kawaida wa milimita 35, kisha ikakuzwa ili iweze kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Chembechembe zinazoonekana kwenye picha, ambazo mtaalamu angeziita kasoro, zinaifanya ionekane kama kumbukumbu iliyookotwa mahali pabaya.

Kwa nini kibanda?

Wengi wamejiuliza kwa nini kibanda cha pekee kimekuwa mahali pa kudumu pa filamu za kutisha. Jibu la kwanza ni la kiuchumi. Mahali pamoja maana yake ni kodi moja, usafiri mmoja na taa zinazofungwa mara moja. Wahusika watano maana yake ni mishahara mitano.

Jibu la pili ni la kisanaa. Mhusika akiwa mjini, mtazamaji huuliza kwa nini hakimbii au haombi msaada. Msituni swali hilo linajibiwa na mazingira yenyewe. Aidha, kibanda ni mahali pa mapumziko. Watu huenda huko kujitenga na kelele kwa hiari yao. Hofu huongezeka pale kilekile walichokifuata, yaani upweke, kinapogeuka kuwa mtego wao.

'The Evil Dead' iliongeza jambo la tatu. Muuaji hatoki nje akiwa na kisu. Anaingia ndani ya rafiki, ndani ya dada, ndani ya mchumba. Kuta na milango iliyokazwa kwa misumari haiwezi kuzuia hilo, na anayebaki hai hawezi kumwamini yeyote aliye naye chumbani.

Kutoka Detroit hadi Cannes

Filamu ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Oktoba 15, 1981 katika jumba la sinema la Redford mjini Detroit, ikiitwa 'Book of the Dead', yaani Kitabu cha Wafu. Baadaye msambazaji mkongwe Irvin Shapiro alikubali kuiuza, lakini alishauri jina libadilishwe. Kwa masimulizi ya Campbell, alihofia kuwa vijana wangedhani ni filamu ya kusomasoma. Ndipo likapatikana jina la 'The Evil Dead'.

Shapiro aliipeleka Cannes, Ufaransa, mwaka 1982. Huko ilitazamwa na Stephen King, mwandishi maarufu wa riwaya za kutisha, ambaye aliisifu katika jarida la Twilight Zone akisema kuwa miongoni mwa filamu za kutisha za mwaka huo hakuna iliyoifikia kwa upya na ukali. Sifa hizo zilichapwa kwenye mabango, na kampuni ya New Line Cinema ikaisambaza nchini Marekani mwaka 1983 bila daraja la umri. Huko ilikusanya takriban dola milioni 2.4, nayo iliendelea kuingiza fedha katika nchi nyingine na katika mikanda ya video.

Marufuku na mahakama

Uingereza ndiko ilikopata umaarufu na matatizo kwa pamoja. Kampuni ya Palace Pictures iliisambaza mwaka 1983 katika sinema na katika mikanda ya video karibu wakati mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Bodi ya ukaguzi ilikuwa imekata sekunde 49 kutoka katika nakala ya sinema. Mkanda wake ulikuwa kati ya ile iliyouzwa na kukodishwa zaidi mwaka huo.

Wakati huo video ilikuwa kitu kipya majumbani na haikuwa na sheria yake. Mwanaharakati wa maadili Mary Whitehouse, pamoja na baadhi ya magazeti na wabunge, walianzisha kampeni dhidi ya mikanda waliyoiita michafu, wakihofia kuwa watoto wangeitazama wazazi wakiwa hawapo. 'The Evil Dead' iliwekwa mstari wa mbele. Polisi walivamia maduka na kuchukua mikanda, na Mkurugenzi wa Mashtaka akaiweka filamu hiyo katika orodha ya zile zilizoweza kushtakiwa kwa sheria ya machapisho machafu.

Kesi dhidi ya Palace ilisikilizwa mwaka 1985 katika mahakama ya Snaresbrook, London, na kampuni hiyo ikaachiwa huru. Hata hivyo, Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya mwaka 1984 iliyotaka kila mkanda wa video ukaguliwe kabla ya kuuzwa. Filamu ilirudi madukani mwaka 1990 ikiwa imekatwa zaidi, na Waingereza waliruhusiwa kuiona kamili mwaka 2001. Ujerumani iliyoizuia tangu miaka ya 1980 iliondoa marufuku yake mwaka 2016.

Kuna kichekesho kimoja katika historia hiyo. Mwaka 2009 iligundulika kuwa serikali ya Uingereza ilisahau kuijulisha Tume ya Ulaya kuhusu sheria hiyo ya 1984, hivyo kisheria haikuwa na meno kwa miaka 25. Ilibidi ipitishwe upya mwaka 2010.

Lawama zisizokwisha

Si kila lawama dhidi ya filamu hii ilikuwa ya woga wa bure. Tukio ambalo Cheryl anashambuliwa na kudhalilishwa na miti ya msituni limekosolewa tangu mwanzo, hata na wapenzi wa filamu hiyo, kwa kuwa linatumia maumivu ya mwanamke kama burudani. Raimi mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alikiri katika mahojiano kwamba tukio hilo lilipita kiasi na kwamba anajutia kuliweka.

Hapa ndipo penye swali linalowahusu wote wanaotengeneza filamu za aina hii. Mkaguzi akipiga marufuku kazi nzima, huwanyima watu wazima haki ya kuamua na huipa filamu umaarufu ambao isingeupata. Lakini uhuru wa msanii nao haumwondolei wajibu wa kujiuliza anamwumiza nani kwa picha yake. Historia ya 'The Evil Dead' inaonyesha kuwa swali la pili lilijibiwa vizuri zaidi na mwongozaji aliyekomaa kuliko na polisi waliovamia maduka.

Urithi wake

Filamu ya pili, 'Evil Dead II', ilitoka mwaka 1987 kwa fedha za Dino De Laurentiis, baada ya Stephen King kumshawishi mtayarishaji huyo. Katika hiyo Raimi alirejea kwenye mapenzi yake ya awali, akachanganya kitisho na kichekesho, na Ash akawa shujaa mwenye msumeno wa mnyororo mahali pa mkono. Ya tatu, 'Army of Darkness', ilifuata mwaka 1992.

Mwaka 2013 Fede Álvarez wa Uruguay aliitengeneza upya hadithi ya kwanza. Kati ya 2015 na 2018 Campbell alirudi kama Ash katika tamthilia ya televisheni. Mwaka 2023 Lee Cronin wa Ireland aliongoza 'Evil Dead Rise', iliyohamisha pepo kutoka kibandani hadi jengo la ghorofa mjini Los Angeles na kuingiza zaidi ya dola milioni 140 duniani.

Raimi aliendelea hadi kuongoza filamu tatu za 'Spider-Man' kati ya 2002 na 2007, zilizotumia mamilioni ya dola. Gari kuukuu aina ya Oldsmobile lililowabeba wanafunzi wale watano kwenda msituni, ambalo lilikuwa mali ya familia yake, limeonekana katika filamu zake nyingi tangu wakati huo.

Waigaji nao ni wengi. 'Cabin Fever' ya Eli Roth ya mwaka 2002 iliwafungia vijana kibandani na ugonjwa unaokula ngozi. 'The Cabin in the Woods', iliyotoka mwaka 2012, ilichukua kila kanuni ya filamu za kibandani na kuifanyia dhihaka, kuanzia vijana watano hadi chumba cha chini chenye kitabu kisichopaswa kusomwa. Dhihaka ya namna hiyo isingeeleweka kama watazamaji wasingekuwa tayari wanazijua kanuni zenyewe.

Kibanda cha Morristown hakipo tena. Kilichosalia ni mabaki ya dohani lake la mawe, katikati ya miti ileile waliyokimbia nayo vijana wale wakiwa wameshika ubao.